Mtaka Nauli ya Mvunguni: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Tiketi za Safari Ndefu

Katika ukoo wetu kila mtu ana idara yake. Kuna mjomba wa mirathi, kuna dada wa mambo ya hospitali, kuna binamu anayewajua mafundi wote wa Tandale. Idara yangu mimi ni tiketi za ndege. Mtu akipata viza ya kwenda kumwona mwanawe Minnesota, au kijana akipata chuo Toronto, haipiti siku mbili simu yangu inaita, na maneno huwa yaleyale: "Tutafutie ya bei rahisi."

Kazi hii isiyo na mshahara imenifundisha kwamba shirika la ndege halimpunguzii mtu nauli kwa huruma. Linampunguzia aliye tayari kuacha kitu: tarehe anayoipenda, usingizi wake, njia fupi, begi la pili, au haki ya kubadilisha safari. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ya mtafuta tiketi ni kujua msafiri wake anaweza kuinama upande gani, na upande gani mgongo utagoma. Haya ndiyo niliyojifunza nikiwasafirisha watu kutoka Dar es Salaam kwenda Amerika Kaskazini.

1. Mchunguze msafiri kabla ya kuchunguza nauli

Sifungui tovuti yoyote kabla sijajibiwa maswali manne. Pasipoti yake ni ya nchi gani, na ina viza zipi? Tarehe ipi haisogei, na ipi inasogea? Anabeba nini? Na anaweza kukesha kwenye kiti cha uwanja wa ndege akaamka mzima?

Mpwa wangu aliyekwenda kusoma Kanada alikuwa na umri wa kulala popote, kichwa juu ya begi. Lakini tarehe ya kufungua chuo haikusogea, na mizigo yake ilikuwa ya mtu anayehama. Shangazi yangu, aliyekwenda kumsaidia binti yake kulea mtoto mchanga, alikuwa kinyume chake. Kwake wiki moja mbele au nyuma haikuwa tatizo, ila magoti yake hayakuruhusu kukimbizana na lango la ndege, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Tiketi iliyomfaa kijana ingekuwa adhabu kwa shangazi. Kwa hiyo mtu akiniuliza "nauli ya Marekani sasa hivi ni shilingi ngapi?" namjibu kwa swali: anakwenda nani?

2. Safu moja ya viti, bei nyingi

Abiria waliokaa safu moja ndani ya ndege huenda hakuna wawili waliolipa sawa. Viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu, kila fungu likiwa na herufi yake, bei yake na masharti yake. Fungu la chini huwa na viti vichache. Vikiisha, mauzo yanahamia fungu linalofuata na nauli inapanda, hata kama nusu ya ndege bado iko tupu. Bei uliyoiona asubuhi ikitoweka jioni, usidhani kompyuta imenusa shida yako. Kuna mtu kachukua kiti kabla yako, au shirika limepanga upya mafungu yake.

Nilipoelewa hilo niliachana na miiko ya mtaani: nunua Jumanne usiku, futa kumbukumbu za simu, usitazame bei mara mbili. Badala yake nilipata mbinu moja yenye faida, hasa kwa familia. Ukiomba viti vinne wakati fungu la chini limebakiwa na vitatu, mfumo huwahamisha wote wanne fungu la juu. Kwa hiyo naanza kwa kuuliza kiti kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Bei ya kila mtu ikiruka ghafla katikati, najua fungu limeishia hapo, na watatu wanaweza kununuliwa kwa bei ya chini na mmoja kwa ya juu. Sharti langu ni kwamba mtoto asiachwe peke yake kwenye oda ya pili, na shirika liombwe kuziunganisha oda hizo mbili katika kumbukumbu zake.

3. Tazama watu wanaelekea wapi

Kila mtu anajua Desemba ni ghali. Wengi hawajui kwamba ughali wake una mwelekeo. Katikati ya Desemba, ndege zinazokuja kwetu kutoka Marekani na Ulaya hujaa ndugu zetu wanaokuja kula sikukuu na watalii wanaokimbia baridi. Mwanzoni mwa Januari ndugu haohao wanarudi makazini, na hapo ndipo nafasi za kutoka Dar zinapogombewa. Anayeondoka Dar katikati ya Desemba na kurudi mwishoni mwa Januari anakwenda kinyume cha mkondo, na mara nyingi nimempatia nauli ya kuvumilika katika mwezi ambao wengine wanalia.

Juni hadi Agosti ni kipindi kigumu zaidi. Shule za kule zimefungwa, watalii wanaelekea Serengeti na Zanzibar, na mwishoni mwa Agosti wanafunzi nao wanakwenda vyuoni. Msafiri ambaye tarehe zake zinasogea huwa nampeleka Februari, Machi au Oktoba. Novemba nayo ni nzuri, mradi asiwe na ndege ya ndani ya Marekani karibu na Alhamisi ya nne ya mwezi huo, siku ya sikukuu yao ya Shukrani, ambapo nchi nzima huwa iko safarini.

Kanuni hii haikomei Marekani. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanajua kwamba nafasi za Guangzhou hubana wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo, yanayofanyika kila mwaka majira ya Aprili na ya Oktoba. Anayepitia nchi za Ghuba naye aangalie kalenda ya Kiislamu, kwa sababu msimu wa Hija husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa hiyo kumbukumbu ya bei za mwaka juzi inaweza kukudanganya.

Kwa kutazama mwezi mzima kwa mara moja natumia kalenda za bei za Google Flights na Skyscanner. Zinanionyesha siku za kusafiri zenye unafuu. Kununua kwenyewe, kama bei inalingana, napendelea kwa shirika lenyewe, kwa sababu safari ikivurugika nataka niwe na mtu mmoja tu wa kudai.

4. Saa za kusubiri zina thamani yake

Dar haina ndege ya moja kwa moja kwenda Amerika Kaskazini. Lazima uunganishe Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam, Cairo au Nairobi. Kutoka Nairobi, Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya saa kama 15 ukielekea magharibi. Inapendeza kulala Afrika na kuamka Marekani, na shirika linajua kwamba inapendeza, hivyo nauli yake kwa kawaida haimo kwenye safu ya kwanza ya orodha yangu.

Miji ya kuunganishia huishi kwa abiria wapitao, na mashirika yake hugombania watu walewale. Ndiyo maana msafiri wa Chicago anaweza kupelekwa kaskazini hadi Doha, kisha arudishwe magharibi juu ya Ulaya na Atlantiki, na bado alipe kidogo kuliko aliyepita njia fupi. Urefu wa njia hauamui bei. Idadi ya wanaogombania abiria ndiyo inayoamua zaidi.

Ila ratiba isomwe mstari kwa mstari. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege nzito haiwezi kuondoka na mafuta yote ya kuvuka hadi Marekani. Kwa sababu hiyo ndege nyingi zinazotoka huko kwenda Amerika zimekuwa zikitua mahali njiani kujaza mafuta. Si jambo baya, na saa zake zimo kwenye ratiba, ila mzee aambiwe mapema asije akasimama na kibegi chake akidhani amefika.

Kwa anayesafiri mara ya kwanza sinunui muunganiko ulio chini ya saa mbili, hata ukiwa rahisi namna gani. Muunganiko mrefu sana unaweza kuwa neema: Ethiopian na Turkish, kwa mfano, huwa na utaratibu wa kumpa hoteli abiria ambaye ratiba yenyewe inamlazimisha kungoja muda mrefu. Masharti ni mengi, na baadhi ya nauli za chini hazimo. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia kama pasipoti ya msafiri inamruhusu kutoka nje ya uwanja huo.

5. Nairobi inaweza kuokoa pesa, au kuzila

Mtu wa Arusha kuanzia safari Nairobi ni jambo la kawaida. Basi dogo linamvusha Namanga na kumfikisha ndani ya saa tano au sita, na uwanja wa Nairobi una mashirika mengi kuliko wa kwetu. Kwa mtu wa Dar hesabu ni nyingine. Kuna basi la usiku kucha au ndege ya pili, chakula, na kitanda cha kungojea. Safari ya kurudi inaweza kutua Nairobi usiku wa manane mizigo ikiwa mitatu. Kuna pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Tanzania huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo haiishi muda. Huwa naandika gharama zote kuanzia mlango wa nyumba ya Dar hadi mlango wa nyumba ya kule, kwenda na kurudi. Mara nyingi tofauti iliyokuwa inang'aa kwenye simu hubaki ya kununulia soda.

Hatari kubwa ni tiketi mbili zisizojuana. Ukinunua Dar–Nairobi kwa shirika moja na Nairobi–Toronto kwa jingine, ya kwanza ikichelewa, wa pili hana habari nawe. Ndege yake itaondoka na nauli yako. Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari hata muunganiko ukikatika. Nikilazimika kutumia mbili, naweka usiku mzima katikati.

Kuna na jambo la ajabu: wakati mwingine shirika lilelile huuza Dar–Nairobi–New York kwa bei ndogo kuliko Nairobi–New York, kwa sababu kutoka Nairobi linauza safari ya moja kwa moja, ilhali kutoka Dar linashindana na kila shirika linalounganisha. Wajanja hutaka kununua hiyo ya Dar kisha wakapandie Nairobi. Usijaribu. Usipoonekana kwenye kipande cha kwanza, vipande vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na vya kurudia.

6. Nauli rahisi inaweza kupita kwenye nchi usiyoruhusiwa kupita

Hili ndilo ningemsomesha kila mtu. Injini za kutafuta tiketi hazijui una pasipoti gani. Zinapanga njia kwa bei, na kazi ya kujua kama utaruhusiwa kubadilisha ndege pale zinakuachia wewe.

Nilipomtafutia mpwa wangu tiketi ya Toronto, nauli ya chini kabisa ilipitia uwanja wa Marekani. Niliiruka bila kuitazama mara ya pili. Marekani haina utaratibu wa abiria kukaa ndani ya uwanja akangoja ndege ya nchi nyingine bila kupita uhamiaji. Mwenye pasipoti kama yake anayetua, hata wa saa mbili, anahitaji viza ya Marekani, na kwa anayepita tu kuna viza yake maalumu. Kijana mwenye kibali cha Kanada peke yake angezuiwa kwenye kaunta ya Dar, mbele ya mama yake. Tulinunua njia ya Addis Ababa, ambako kuna ndege inayofika Toronto bila kupita kiwanja cha Marekani.

Uingereza nayo huwataka wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wenye misamaha, kama vile walio na viza halali ya Marekani au Kanada. Nchi za Schengen zina orodha yao. Pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, za Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya pamoja, na misamaha ya aina hiyohiyo ipo. Kwa hiyo mume na mke, mmoja wa Kigoma na mmoja wa Uvira upande wa Kongo, wanaweza kuhitaji karatasi tofauti kwa ndege ileile. Orodha hizi hubadilishwa. Zisomwe upya kwenye tovuti ya serikali husika wiki ileile unayonunua.

7. Pima mizigo kabla ya kulinganisha bei

Njia nyingi za Afrika kwenda Amerika zimezoea kutoa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Lakini siku hizi mashirika kadhaa huuza nauli nyepesi isiyo na begi hata moja, na ndiyo inayotokea juu kabisa ya orodha. Ukiongeza mabegi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, huenda iliyokuwa ya kwanza ikawa ya tano.

Kwetu begi halikwepeki. Anayekwenda anabeba dagaa, viungo vya pilau na vitenge vya watu watatu, na anayerudi anabeba viatu vya ukoo mzima. Kwa anayekwenda Marekani naongeza maneno mawili: chakula chochote kitajwe kwa maofisa wa forodha, na nyama kavu ibaki nyumbani. Mwanafunzi aulize kuhusu nauli za wanafunzi. Yapo mashirika yanayompa begi la ziada akionyesha barua ya chuo, na kwa anayehama, begi hilo lina thamani kuliko dola chache za punguzo.

8. Oda siyo tiketi

Bado nawatumia mawakala, hasa pale viza haijatoka. Ubalozi wa Marekani wenyewe huwashauri waombaji wasinunue tiketi kabla ya kupata viza. Wakala mzuri anaweza kukushikia nafasi kwa muda bila malipo, ukapata karatasi ya ratiba, naye akakwambia ukweli: "Dada, hii bei inakufa kesho saa kumi jioni."

Lakini jua ulichoshika mkononi. Ile namba fupi ya herufi na tarakimu sita, ambayo mawakala huiita PNR, ni oda tu. Inaweza kuwepo bila senti moja kufika kwa shirika. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish, 074 KLM. Nikilipa kwa wakala siondoki dirishani kabla sijaiona namba hiyo na kuihakiki kwenye tovuti ya shirika. Matapeli wengi wa tiketi wanaishi kwenye pengo lililopo kati ya namba hizo mbili.

Kagua na majina papo hapo. Sisi wenye majina matatu tunaumizwa sana na tiketi iliyoandikwa mawili, au jina la babu likawekwa mahali pa jina la mtoto. Liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwa safari inayogusa Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, sheria ya huko inalitaka shirika likushikie bei kwa saa 24 au likuruhusu kufuta ndani ya saa hizo ukarudishiwa pesa yote. Hizo ndizo saa za kumwita mtu wa pili mwenye macho mazima asome kila kitu upya.

Ukilipa kwa kadi, ongea na benki kwanza. Kadi nyingi zina kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kilicho chini ya nauli ya Marekani, na kiwango cha benki cha kubadilisha shilingi kwa dola kinaweza kula sehemu ya unafuu ulioutafuta kwa wiki mbili.

9. Panga kikomo, nunua, kisha funga simu

Kwa safari ya msimu wa kawaida naanza kutazama miezi minne au mitano kabla. Kwa Julai na Desemba, mapema zaidi. Kwa wiki mbili tatu za mwanzo nasoma bei tu, nijue ya kawaida ni ipi. Kisha nakubaliana na msafiri juu ya kiasi: ikifika hapa, tunanunua. Makubaliano hayo ndiyo yanayotuokoa na tamaa ya kungoja ishuke tena, ambayo imewapeleka wengi kununua wiki ya mwisho kwa bei ya mtu mwenye msiba.

Na kiasi hicho si lazima kiwe cha chini kuliko vyote. Tiketi ya shangazi ilikuwa ya tatu kwa unafuu kwenye orodha yangu. Ile ya kwanza ilikuwa na vituo viwili, na ya pili ilimpa dakika 70 za kubadilisha ndege. Tuliyoichukua ilikuwa na kituo kimoja, saa tatu na nusu za kupumua, na kiti cha magurudumu tulichoomba siku ileile tuliponunua, ambacho mashirika hutoa bila malipo. Watoto wake walichanga tofauti hiyo bila mtu kunung'unika. Yeye alikuwa na tarehe za kuacha, akaziacha, na pesa iliyookolewa huko ndiyo iliyolipia magoti yake.

Tiketi ikishatoka, natoa tangazo kwenye kundi la ukoo: imenunuliwa, na ni marufuku kuniletea bei nyingine. Daima atatokea shemeji aliyeona ya chini zaidi mahali fulani. Mwulize ina mabegi mangapi na inapita wapi.